Pikapu Kuukuu na Tope la Bondeni mwa Tana

Jamaa nyingi za Mombasa, Kilifi na Malindi zimeoa au kuozesha bondeni mwa mto Tana, na kwa hivyo wasomaji wetu wengi wanaijua safari hii pamoja na taabu zake. Anayetoka Mombasa huvuka daraja la Nyali, akavuka Mtwapa na Kilifi, akapita Malindi na kuvuka Sabaki, na muda wote huo yu juu ya lami. Mwishowe hufika Minjila, mahali ambapo njia ya Hola na Garissa huachana na ile ya Garsen, Witu na Lamu. Lami ingali ipo hata huko, lakini wakwe zetu hawakai juu ya lami. Wanakaa ndani, katikati ya mashamba ya mpunga na miembe ya Wapokomo na malisho ya Waorma, pale ambapo mto mrefu kuliko yote nchini hujigawa matawi kabla ya kuingia baharini Kipini.

Bonde hilo ni nchi ya maji. Mwaka 2012 lilitiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, na ndege wake, viboko wake na mamba wake wanajulikana mbali. Kwa msafiri, hata hivyo, jambo la kwanza kulijua ni udongo. Ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kiganja cha mtoto. Mvua ikishapiga siku mbili, huwa kama sabuni juu na kama gundi chini. Wenyeji hawamwulizi mgeni amekwenda kilomita ngapi. Humwuliza mvua ameiacha wapi.

Vuli iliyopita tulikuwa na safari ambayo haikuweza kungoja jua. Binti yetu aliyeolewa huko alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa desturi yetu mimba ya kwanza mtoto wa kike huja kujifungulia kwa mamake. Alikuwa ameingia mwezi wa saba. Kwenye kadi yake ya kliniki muuguzi alikuwa ameandika kwamba presha imeanza kupanda, na kwamba asizalie kijijini. Bodaboda iliyokuwa ikimpeleka kliniki ilikuwa haipiti tena kwa tope, na hakuna kati yetu aliyesahau mafuriko ya mwishoni mwa 2023, yalipoifunika njia na kuwatenga watu wa Lamu na wa Garsen na ndugu zao. Ilitulazimu kufika, na zaidi ya kufika, ilitulazimu kurudi naye salama.

Gari tulilokuwa nalo lilikuwa moja tu: pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1990, ya kabini mbili, tuliyoirithi kwa marehemu mzee wetu. Ni ile aina ya zamani ambayo ekseli ya mbele ni mtarimbo mmoja kama ya nyuma, yenye springi za majani kwenye magurudumu yote manne na injini ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Gari la namna hiyo halina mbio, wala halina ulaini wa magari ya siku hizi. Sifa yake ni kuwa vyuma vyake ni vinene, havina mafumbo, na karibu kila mji mdogo wa Pwani una fundi anayevijua.

Tulikaa kushauriana. Vijana wetu walikuja na orodha ndefu: bampa nene la chuma, winchi, keria ya juu, taa nne za nguvu, matairi makubwa, na gari liinuliwe mpaka mtu apite chini yake akiwa ameinama. Mama mkubwa wa nyumba aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia fundi aliyekuwa amealikwa na kumwuliza, "Mwanangu, katika hivi vyote, ni kipi kitakachomshika binti yangu asirushwerushwe?" Fundi akajibu kwa adabu, "Hakuna, bi mkubwa. Hivi vyote ni vya juu. Kazi yenyewe iko chini." Orodha ile ikakunjwa, na fedha tulizokuwa tumechanga zikaelekezwa chini ya gari.

Alianza na nyundo ndogo. Alilala chini ya pikapu na kuigonga chesisi shubiri kwa shubiri, masikio yakiwa wazi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hunyamaza. Marehemu mzee alikuwa akibebea samaki na barafu, na maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka nyuma kwa miaka mingi. Palipooza ni palepale ambapo pikapu nyingi za Pwani huoza: karibu na mashikio ya springi za nyuma, na kwenye kona ambazo tope hukaa na kunywa unyevu. Kwa kuwa chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, kutu huanza ndani na huonekana nje baadaye sana. Anayenunua gari kuukuu la Pwani asitosheke na rangi mpya; achukue nyundo.

Kulehemu chesisi nako kuna ilimu yake. Kwanza waya za betri zilitolewa, ili umeme wa kulehemu usiunguze alteneta. Mabomba ya breki na ya dizeli yaliyo karibu yakaondolewa. Chuma kilichooza kilikatwa chote mpaka pazima, kwani kiraka hakishiki juu ya kutu. Tena viraka vyenyewe havikuwa vya mraba. Fundi alivikata ncha zikachongoka, kama kashata, ili mshono usiikate chesisi wima kutoka juu hadi chini. Mshono wa wima hukusanya mkazo wote katika mstari mmoja, na gari likipigwa na mashimo, chuma hupasukia hapo hapo. Kazi ilipokwisha, alipiga rangi nje na kupulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi.

Ubora wa kazi hiyo ulitujia akilini tulipopita Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Hapo msafiri huona mashamba ya chumvi, vidimbwi vya maji ya bahari vilivyoachwa vikaushwe na jua, na malundo meupe yanayong'aa kama vilima vya unga. Watoto hufurahi kuyatazama. Lakini upepo ule ule unaokausha chumvi ndio unaoileta chini ya magari yetu, na nyumba nyingi za pwani hazioshi gari isipokuwa juu, panapoonekana na wageni. Tangu hapo kwetu imekuwa kanuni: kila safari ikiisha, maji baridi ya bomba hupitishwa chini ya gari kabla ya kupitishwa juu.

Jambo la pili lilikuwa uzito. Hilux kama hii watu huiita gari la tani moja, na wengi hudhani tani hiyo ni ya mizigo ya nyuma tu. Kumbe ndani yake wamo abiria, mafuta ya akiba, maji, na kila chuma kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Watu watano wazima ni zaidi ya kilo 300. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na la dizeli la ujazo huo ni kilo 17 hivi. Bampa la chuma na winchi vingeondoa zaidi ya kilo 80, na zote zikalalia ekseli ya mbele. Kuongeza majani ya springi hakubadilishi hesabu hiyo. Springi nene itaizuia pikapu isilale, lakini ekseli, beringi, breki na chesisi ni zile zile zilizopimwa kwa uzito ule ule.

Kwa hiyo springi za nyuma zilizochoka zilibadilishwa kwa za kipimo chake, zikaongezwa jani moja tu. Bushi za mpira zilizokuwa zimekauka zilitolewa, na shoki zote nne zikawekwa mpya. Bolti zinazozifunga springi na ekseli, zile zenye umbo la herufi U, zilinunuliwa mpya, kwa sababu zikishavutwa mara moja hazishiki tena kwa nguvu ile ile. Na baada ya kilomita mia chache zilikazwa upya. Kijana wetu mmoja aliuliza kwa nini yasiongezwe majani matatu. Fundi akamwambia kuwa springi ya kubebea mawe, ikiwa haina mawe, humrusha aliye juu yake, na sisi hatukuwa tunakwenda kuchukua mawe.

Gari liliinuka kwa sentimita nne hivi, na kiasi hicho kilitosha. Hata hivyo kuinua gari kunagusa mambo mengi yasiyoonekana. Mipira ya breki ilipimwa isije ikavutika gurudumu linaponing'inia shimoni. Tena Hilux nyingi za zama zile zina vali nyuma iliyoungwa na ekseli kwa fimbo, inayopima jinsi gari lilivyolala. Ikilikuta limeinuka, hudhani halina mzigo, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma. Vali hiyo isiporekebishwa baada ya springi kubadilishwa, gari lililojaa watu litakuja kuteremka mlima likishikwa na breki za mbele peke yake. Tunaliandika hili kwa mkazo, maana huonekana kwa nadra katika risiti za gereji.

Kina mama nao walikuwa na orodha yao fupi, na yote yalifanywa. Kikawekwa kidato chini ya kila mlango na kishikio cha ndani, ili bibi mwenye magoti mabovu au mama mwenye buibui apande bila kushikwa mkono na asiyemhusu. Kiti cha nyuma kilifungwa mikanda, bolti zake zikapitishwa kwenye vibati vya chuma, zisije zikang'oka bodi itakapopata mshindo. Nyuma likawekwa turubai zito lisilovuja, na chini yake sanduku moja lililofungwa kamba: maji, tende, mkeka, kanga safi, tochi na mkoba wa dawa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, kwa kuwa kitu kilichoachwa ovyo katika gari linaloyumba humpiga mtu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri na kusoma dua ya safari. Kabla ya adhuhuri tulikuwa Garsen, mji wa vumbi na biashara, ambako maziwa ya Waorma na maembe ya Wapokomo hukutana sokoni. Hapo tulisali adhuhuri na alasiri pamoja kwa ruhusa ya safari, kisha tukafanya lile ambalo wageni wengi hulidharau: tuliuliza. Mzee mmoja mfugaji alitwambia njia ya karibu imekufa, na kwamba ile ya mzunguko inapitika ikiwa tutakaa juu ya ukingo na kuiacha mifereji ya magari makubwa. Maneno yake yalitufaa kuliko taa nne za nguvu.

Tulipoiacha lami tulishuka na kuzifunga kwa mkono nati za fowili katikati ya magurudumu ya mbele. Gari la aina hii lisipofungwa hapo, mtu anaweza kuivuta gia ya fowili na magurudumu ya mbele yasipate nguvu yoyote. Nati hizi zifungwe kabla ya tope, kwani ndani ya tope utazitafuta kwa kupapasa. Kisha tukapunguza upepo wa matairi kutoka pauni 32 hadi 22. Tairi lililolegea kidogo hupanua unyayo wake kama mguu wa ngamia na hushika bila kuchimba. Lakini halitaki mwendo wala kona kali, na ukirudi kwenye lami ni lazima lijazwe. Kwa kazi hiyo tulikuwa na kampresa ndogo inayotumia umeme wa betri. Matairi yenyewe yalikuwa ya kipimo cha kiwanda, yenye meno ya wastani, mapya yote manne na la akiba.

Saa moja baadaye tulikuta maji yamekata njia, upana wa ua wa nyumba kubwa. Bondeni mwa Tana mtu haingii majini kwa miguu kupima kina kama afanyavyo kwingine, kwani mamba hana adabu na mgeni. Tulisimama mpaka trekta la shamba likapita mbele yetu, tukayatazama maji yalipofikia kwenye magurudumu yake, na tukaona kuwa yametuama. Yangekuwa yanakwenda tusingeingia, hata yangefika magotini tu, maana maji yaendayo kasi hulisukuma gari lolote.

Hapa nayo kazi ya gereji ilijieleza. Kila difu ina tundu dogo la kupumulia. Difu iliyopata moto wa safari ikitumbukizwa ghafla katika maji, hewa iliyomo husinyaa, na tundu lile huvuta maji ndani. Wiki mbili baadaye oili huwa na rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeanza kufa bila kelele. Fundi alikuwa ameunga mipira mirefu kwenye matundu hayo na kuipandisha hadi chini ya boneti. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote alizotufanyia. Mlango wa hewa ya injini nao aliutazama: yakifika maji hapo, injini ya dizeli huyameza, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, vyuma vya ndani hupinda. Kwa hiyo tulijiwekea mpaka: maji yakizidi nusu ya gurudumu, tunarudi. Yalikuwa chini ya hapo. Tulivuka kwa gia nzito, polepole, bila kubadilisha gia wala kusimama, kisha tukakanyaga breki mara kadhaa upande wa pili ili zikauke.

Mara moja tu tulizama, magharibi ikikaribia. Kina mama walishuka wakakaa pakavu, vijana wakachimba mbele ya magurudumu kwa jembe na kutandika mbao mbili tulizokuja nazo. Jeki iliwekwa juu ya kipande cha ubao, vinginevyo ingezama yenyewe. Lile trekta lilipotukuta na kutuvuta, kamba ilifungwa kwenye kulabu iliyopigwa bolti nne kwenye chesisi, wala haikufungwa kwenye bampa wala kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, ambacho kikikatika huruka kama risasi. Watoto wa kijiji waliokuja kutazama waliambiwa warudi nyuma mbali, mara mbili ya urefu wa kamba. Baada ya dakika chache tulikuwa nje.

Tulifika baada ya isha, tukapokewa kwa wali mpya na samaki wa mto. Binti yetu alikuwa na uso uliovimba kidogo, na mama mkubwa hakuzungumza sana usiku ule.

Kurudi ndiko kulikokuwa mtihani wenyewe. Alikaa kiti cha nyuma, akiegemea mito upande wa kushoto, mkanda wa chini ukipita chini ya tumbo juu ya nyonga na wa juu ukipita kati ya matiti; mjamzito asiuvae juu ya tumbo kabisa. Dereva aliambiwa kuwa mwendo wake utaamuliwa na aliye nyuma. Kila baada ya muda tulisimama akanyoosha miguu na kunywa maji. Tulimwuliza kila mara kama kichwa kinamuuma sana au macho yanaona kiza, kwani hizo ni dalili ambazo mwenye presha ya mimba hapaswi kuzivumilia hata kidogo. Pikapu ilipanda na kushuka matuta kama ngalawa yenye nahodha mzee. Mbele ya Garsen alilala usingizi, na mama mkubwa, aliyekuwa amemshika mkono tangu kijijini, akauachia.

Malindi tuliingia hospitali, wakampima, wakampa dawa na kumruhusu aendelee. Alijifungua Mombasa, hospitalini, kabla kidogo ya siku zake kutimia, mtoto wa kiume mdogo mwenye sauti kubwa. Mama na mwana wazima, alhamdulillahi.

Tangu hapo majirani wawili wametuuliza waanzie wapi na pikapu zao. Tunawaambia kama tulivyofanya: kwanza chesisi, breki na usukani, kisha springi na shoki kwa kipimo cha mzigo unaobebwa kweli, kisha matairi, mikanda ya viti na mipira ya kupumulia, na mwisho, fedha zikibaki, hayo ya kupendeza macho. Mabadiliko ya bodi, rangi au injini yaandikishwe NTSA, na kampuni ya bima iarifiwe kabla ya safari. Gari la familia halipimwi kwa linavyoruka vilima. Liwe na nguvu ya kumfikia aliye mbali, na ulaini wa kumrudisha nyumbani mgonjwa, mzazi na mzee.